Filamu ya Kweli Huanza na Kodi ya Nyumba

Kamera zimeizoea Barabara ya Moi South Lake, Naivasha. Alan na Joan Root, walioishi kando ya ziwa, walitengeneza filamu za viboko na mchwa zilizozunguka dunia nzima. Ile ya mchwa, ya mwaka 1978, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Elsamere, nyumba ya Joy Adamson wa simba Elsa, iko kwenye barabara hiyo hiyo, na mgeni anayefika huko alasiri hunywa chai na kuonyeshwa filamu ya maisha ya mwenye nyumba. Hell's Gate nako, mwendo wa baiskeli tu kutoka barabarani, Angelina Jolie alikuja kuigiza sehemu ya Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life iliyotoka mwaka 2003. Viboko, simba, miamba, mrembo mwenye bastola mbili. Vyote vimepigwa picha.

Karagita iko kando ya barabara hiyo, kilomita chache kutoka mjini Naivasha, na kamera nyingi huipita bila kupunguza mwendo. Ni mtaa wa wafanyakazi wa maua. Ploti zimejaa vyumba vya kupanga, kimoja kwa familia moja, vingine vya mawe, vingine vya mabati. Maji ya kunywa hununuliwa kwa mitungi, kwa kuwa maji ya visima vya Naivasha yana floraidi nyingi, ile inayoyageuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Kabla jua halijatoka, mabasi ya kampuni huwa yamekwisha kuwabeba watu kuwapeleka kwenye vivungulio. Watu hao walitoka Kisii, Busia, Siaya, Kakamega na Nyandarua kufuata waridi ambalo litauzwa Ulaya, ambako takriban theluthi moja ya waridi zote zinazouzwa hutoka Kenya.

Filamu moja ilishuka garini. Mholanzi Ton van Zantvoort alikuja Naivasha akatengeneza A Blooming Business, iliyotoka mwaka 2009. Inawafuata watu wanaoishi na kufanya kazi katika kivuli cha mashamba hayo: dawa za kunyunyizia maua, ujira mdogo, maji ya ziwa yanayogombaniwa. Haina msimulizi wa kumwambia mtazamaji lini alie. Sioni ajabu kwamba imejulikana zaidi kwa wanunuzi wa maua Ulaya kuliko kwa wachumaji wake. Ndiyo desturi ya filamu za aina hii: sisi ndio tunaopigwa picha, wao ndio watazamaji.

Huku kwetu watu hutazama vitu vingine. Katika mitaa kama hii kuna vibanda vya video, mlango ni pazia, viti ni mabenchi, na sauti inayosikika hadi nje ni ya DJ Afro, anayesimulia muvi za Hollywood na za Uchina kwa Kiswahili na Sheng mpaka jambazi wa Hong Kong anaongea kama makanga wa matatu. Simdharau mtu anayelipa sarafu chache kutazama hizo. Aliyesimama kwenye kivungulio tangu asubuhi hana deni la kutazama huzuni yake mwenyewe jioni.

Tatizo ni kwamba muvi za namna hiyo ndizo zilizotufundisha mlanguzi wa binadamu anafananaje. Chukua Taken, ya mwaka 2008. Msichana Mmarekani yuko Paris, wageni wanavamia nyumba aliyofikia, wanamburuta kutoka chini ya kitanda, na baba yake, jasusi mstaafu anayeigizwa na Liam Neeson, anawafuata na kuwamaliza mmoja mmoja. Ni muvi tamu, na mimi mwenyewe nimeitazama zaidi ya mara moja. Lakini uongo wake ni mkubwa. Inatuaminisha kwamba mlanguzi ni mtu tusiyemjua, kwamba huja kwa nguvu, kwamba anayechukuliwa ni mtoto wa mwenye nacho, na kwamba dawa yake ni baba mwenye shabaha.

Takwimu zilizokusanywa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, pamoja na washirika wake zinasema kingine. Miongoni mwa watoto waliolanguliwa ambao kesi zao zilichunguzwa, asilimia 41 waliingizwa humo na jamaa zao au watu waliokuwa wakiwalea. Karibu nusu. Anayekuja kumchukua msichana aliyefukuzwa shule kwa sababu ya karo huingia mchana, na sukari kilo mbili mkononi. Anaitwa shangazi. Ana habari za kazi ya kulea mtoto Nairobi, kwa watu wazuri wanaomcha Mungu. Anayemwandama mama mwenye watoto wawili ni ajenti mwenye ofisi na muhuri: kazi iko Saudia, tiketi hulipi, pasipoti tutakushughulikia. Kwa kijana mwenye diploma ahadi huwa ya kazi ya kompyuta Thailand. Vijana Wakenya waliofuata ahadi hiyo wamejikuta Myanmar, kwenye kambi za ulaghai wa mtandaoni, wakilindwa kwa bunduki.

Kwa hiyo ninapoulizwa ni filamu gani inasema kweli kuhusu umaskini na ulanguzi, natumia kipimo kimoja. Naangalia kama mwelekezi amepiga hesabu. Je, nimejua kodi ni kiasi gani, nani anaidai, imebaki siku ngapi? Ahadi ya mlanguzi haina nguvu yoyote mpaka ikutane na hesabu isiyotoshana. Karagita inaijua hesabu hiyo vizuri. Mshahara wa shambani, hata ule uliokubaliwa na chama cha wafanyakazi wa mashamba, hufika mwisho wa mwezi na kukuta daftari la dukani likiusubiri, halafu kodi, halafu karo, halafu shailoki. Kabla ya Valentine kuna kazi ya ziada. Baada yake, kibarua wa msimu anarudi kuketi. Na kuna miaka ambayo hata hicho kidogo hukatika. Mwaka 2014 kampuni ya Karuturi, iliyokuwa na mojawapo ya mashamba makubwa zaidi ya waridi Naivasha, iliwekwa chini ya mrasimu, na maelfu ya wafanyakazi wakabaki wakidai. Machi 2020 korona ikasimamisha ndege na kuangusha mnada wa maua Uholanzi. Waridi zikamwagwa, wachumaji wakarudishwa majumbani. Mwenye nyumba hakwenda likizo.

Filamu iliyoipiga hesabu hii kuliko zote nilizoziona haikutoka Kenya. Ni Capernaum ya Nadine Labaki, mwelekezi wa Lebanoni, iliyopata Tuzo ya Majaji huko Cannes mwaka 2018. Zain, mvulana wa takriban miaka 12, hana cheti cha kuzaliwa na hakuna anayejua umri wake kamili. Wazazi wake wanaishi kwa hisani ya mwenye nyumba, kijana mwenye duka. Dada yake, Sahar, anapovunja ungo, Zain anamfichia nguo zenye damu, kwa sababu anajua kitakachofuata. Na kinafuata: Sahar anaozwa kwa mwenye nyumba. Wazazi hawa si mashetani. Mama, akiwa mbele ya hakimu, anauliza nani aliwahi kuishi maisha yake hata amhukumu, na mtazamaji anakosa jibu. Hapo filamu imefika pazuri. Tumechukia tulichokiona, na hatukupewa mtu mmoja wa kumtupia chuki yote.

Zain anatoroka, anaokotwa na Rahil, Mwethiopia anayefanya usafi kwa kitambulisho bandia. Rahil ana mtoto mchanga, Yonas, anayemficha kazini ndani ya choo. Alikuja Lebanoni kama mfanyakazi wa ndani chini ya mfumo wa kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja: ukitoka nyumbani kwake, umekuwa mhalifu siku hiyo hiyo. Sheria ya kazi ya Lebanoni ya mwaka 1946 haiwahesabu wafanyakazi wa ndani kabisa. Kitambulisho cha Rahil kinakaribia kuisha. Anayeuza vipya ni Aspro, mwenye kibanda sokoni, mcheshi, mkarimu kwa maneno, na bei yake ni moja kati ya mbili: pesa ambazo Rahil hana, au mtoto. Baadaye Rahil anapokamatwa na polisi, ni Zain anayebaki na Yonas, akimvuta ndani ya sufuria kubwa iliyofungwa kwenye ubao wenye magurudumu, akitafuta maziwa, akiuza vyombo vya nyumbani kimoja kimoja. Tunaona kila kitu kinachouzwa na kila siku inayopita. Siku anapomkabidhi Aspro yule mtoto, hakuna muziki wa kutisha. Tumehesabu naye. Tunajua hapakubaki kitu cha kuuza.

Labaki hakuchukua waigizaji wa kazi. Zain Al Rafeea alikuwa mkimbizi wa Syria mitaani Beirut, hakujua kusoma. Yordanos Shiferaw, aliyeigiza Rahil, hakuwa na karatasi za ukaazi, na alikamatwa kweli muda mfupi baada ya kuigiza tukio la kukamatwa. Mtoto Yonas kwenye filamu ni mvulana. Aliyemwigiza ni msichana, Boluwatife Treasure Bankole, na mama yake mzazi ni Mkenya. Wazazi wake nao walikamatwa na kuzuiliwa wakati filamu ikirekodiwa, ikabidi mmoja wa kikosi cha filamu akae na mtoto. Yaani yule mtoto aliyetufanya tulie mbele ya skrini, anayelia akimtafuta mama aliyefungwa, alikuwa na mama aliyefungwa. Labaki alirekodi zaidi ya saa 500 ili apate saa mbili. Unapoitazama usiwaze Beirut tu. Waza mama wa Karagita, Kayole au Kisauni aliyeondoka na sanduku moja.

Maana habari hii ni yetu. Wizara ya Mambo ya Nje iliwahi kuwaambia wabunge kwamba Wakenya 89, wengi wao wafanyakazi wa ndani, walifariki Saudi Arabia katika kipindi cha takriban miaka miwili hadi 2021. Zipo filamu za hali halisi zilizojaribu kufuata njia hiyo. Maid in Hell ya mwelekezi Søren Klovborg, ya mwaka 2018, inaonyesha ajenti akizungumza juu ya wanawake kwa lugha ya dukani, na wamo Wakenya. Filamu kamili ya maigizo ya kwetu, inayoanzia kwenye chumba cha kupanga na kuishia jikoni Riyadh, bado naisubiri. Wanaijeria walitutangulia na Oloture, iliyoingia Netflix mwaka 2020, iliyotokana na uchunguzi wa mwanahabari Tobore Ovuorie aliyejifanya kahaba ili aingie ndani ya mtandao wa walanguzi. Ina kelele kidogo kwa ladha yangu, lakini mwisho wake unaoishia mpakani, bila mwokozi, umenikaa.

Kwetu kuna Nairobi Half Life ya David 'Tosh' Gitonga, ya mwaka 2012, ambayo haikutengenezwa kama filamu ya ulanguzi. Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, anatoka kijijini na ndoto ya uigizaji, anaibiwa kila kitu siku ya kwanza Nairobi, analala rumande, anasafishishwa choo ambacho mtazamaji karibu anakinusa. Anayempokea baadaye ni Oti, mwizi, na anampokea kwa wema. Anampa chakula, mahali pa kulala, na kazi. Hilo tu. Kijana hatekwi na genge. Genge ndilo lililomfungulia mlango siku ambayo wengine wote walikuwa wameufunga. Nawi nayo, ya mwaka 2024, iliyotokana na kisa cha Milcah Cherotich, inatupeleka Turkana, ambako msichana aliyefaulu mtihani anaozwa kwa bei inayotajwa wazi: kondoo 60, ngamia 8, mbuzi 100. Mwelekezi anayekutajia bei hataki kukudanganya.

Lakini bei ikitajwa karibu na nyumbani, mambo hugeuka.

Maai Mahiu iko katika eneobunge la Naivasha, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na kutoka Karagita si safari ya nusu siku. Wasafiri huikumbuka kwa kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano, na kwa mahindi ya kuchoma. Madereva wa trela wanaokwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo huikumbuka kwa vyumba vya kulala. Agosti 2025 BBC Africa Eye ilitoa filamu iliyorekodiwa kwa kamera za siri mjini humo. Wachunguzi wawili wa kike walijifanya wanataka kujifunza biashara ya umadamu, yaani ya kuwauza wasichana kingono, na wanawake waliowakuta wakawaonyesha wasichana, wakisema waziwazi kwamba ni wadogo, mmoja akitaja umri wa miaka 13. BBC ilisema ilikuwa imewakabidhi polisi ushahidi tangu Machi mwaka huo.

Serikali ilijibu. Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, aliliambia Bunge kwamba uchunguzi wa polisi umeonyesha walioonekana si watoto, na kwamba filamu ile ni ya kubuni. BBC ikasimama na kazi yake. Mabishano yakawa juu ya filamu, na Maai Mahiu ikaondoka kwenye vichwa vya habari kama ilivyoingia.

Mabishano kama hayo si mapya: wasomaji wenye umri wangu wataikumbuka Mwanza. Hubert Sauper alitoa Darwin's Nightmare mwaka 2004: sangara wa Ziwa Victoria, viwanda vya minofu, ndege za mizigo, makahaba, watoto wa mitaani, na mapanki, vichwa na mifupa ya samaki ambayo wenyeji waliachiwa wale huku minofu ikipaa kwenda Ulaya. Iliteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akaishutumu hadharani, watu wakaandamana Mwanza, na Watanzania waliohusishwa na utengenezaji wake wakaonja joto la jiwe. Nimeitazama filamu ile mara kadhaa, na sehemu ya malalamiko ya watu wa Mwanza naielewa. Sauper aliutafuta uchafu peke yake. Wavuvi waliosomesha watoto kwa sangara hawamo. Lakini kuwa na upungufu ni jambo moja, na kuwa uongo ni jambo jingine, na viongozi wetu wana tabia ya kuokota la kwanza ili wathibitishe la pili.

Filamu inaweza pia kufanya kazi hadi mahakamani. The Baby Stealers, ya BBC Africa Eye hiyo hiyo, iliyotoka Novemba 2020 na kuelekezwa na Mkenya Peter Murimi, ilionyesha mfanyakazi wa hospitali ya umma jijini Nairobi akipokea shilingi 300,000 kwa mtoto mchanga aliyetelekezwa. Hapo hakuna waziri aliyeweza kusema mtoto yule ni mtu mzima. Mfanyakazi yule alishtakiwa, akapatikana na hatia mwaka 2023, akahukumiwa kifungo kirefu. Sheria ilikuwapo siku zote: Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010 inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kilichokosekana kilikuwa macho ya watu wengi yakitazama kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Nina wasiwasi mmoja na kamera za siri, hata zikiwa na nia njema. Mtengenezaji filamu akimaliza hupanda gari. Msichana aliyerekodiwa, hata akifichwa uso, anabaki kwenye mji ambao kila mtu anajua sauti yake na mwendo wake. Labaki aliunda mfuko wa kuwasaidia watoto wa filamu yake, na Zain na familia yake wakahamishiwa Norway. Si kila mwelekezi ana uwezo huo, lakini kila mmoja anaweza kujiuliza kabla ya kuwasha kamera: nikishaondoka, huyu atalala wapi?

Na wanaogawa fedha za filamu wangejiuliza nao: itaonyeshwa wapi kwanza? Capernaum ikitiwa sauti ya DJ Afro ingejaza kibanda cha video Karagita usiku mzima, sina shaka, na mjadala wa baadaye ungekuwa mkali kuliko wa Cannes. Watazamaji wale wangemtambua Aspro kabla hajafungua mdomo. Kanisa, shule, chama cha akina mama, mashamba ya maua yenye kumbi za wafanyakazi, yeyote kati yao mwenye projekta na jioni moja anaweza kuianza kazi hiyo bila kumsubiri mfadhili.

Kwa wewe unayesoma haya ukiwa na sanduku limefungwa nusu: kabla ya kumkabidhi ajenti pasipoti yako, uliza Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama ajenti huyo amesajiliwa, acha nakala ya mkataba na ya pasipoti kwa mtu unayemwamini, na usiondoke kwa viza ya utalii ukiambiwa utapata ya kazi ukishafika. Na ukimwona mtoto wa jirani anachukuliwa na shangazi ambaye hakuna aliyewahi kumsikia, piga simu nambari 116. Ni ya watoto, haulipi kitu, na hupokewa usiku na mchana.